Damu ya Kulinganisha

Maabara ya Mradi,
Homa Bay.
Jumatatu, 6 Aprili 1998

Kaka Maroa,

Salamu kutoka huku, ambako mvua imekataa kuisha na magugu yamefunika ziwa hadi wavuvi wanasukuma mitumbwi kama mikokoteni. Mimi mzima, maabara nzima, stima ndiyo inakuja ikipenda.

Nimesikia mto Kuja umepanda tena na matatu za Macalder zinageuzia njiani. Zile damu tatu ulizotuma wiki jana zilinifikia baada ya siku mbili, na seli zote zilikuwa zimekufa. Sikulaumu, lakini hatuwezi kuendelea hivyo. Nimezungumza na mkuu wetu wa mradi, Daktari Mochama, na amekubali: kazi ya kupaka rangi utaifanya wewe hapo kituoni, damu ikiwa bado na joto la mtu, halafu uzihifadhi seli kwa fomalini na kunitumia. Zikishahifadhiwa, hata zikilala Migori siku nne nitazisoma.

Ndani ya sanduku la barafu utakuta kichupa kidogo kuliko kidole chako cha mwisho. Usikidharau, hakuna kingine cha kwako wilaya nzima. Hicho ni kingamwili. Unajua kwenye ngozi ya seli nyeupe kuna vipokezi, na kimoja kinaitwa CCR5. Juzi juzi tu, mwaka wa tisini na sita, wataalamu waligundua kwamba virusi vya UKIMWI hukitumia kama mlango wa kuingilia. Kingamwili hiki kazi yake ni kuutafuta mlango huo na kukaa hapo, na kimebandikwa rangi. Nikiwasha taa ya darubini, seli yenye mlango inang'aa kijani ukingoni. Isiyo na mlango inabaki giza.

Masharti ni mawili. Kwanza, kikae kwenye friji, nyuzi mbili hadi nane, kimefungwa foili kisione mwanga. Pili, na hili usinichezee: kila unapopaka damu ya mgonjwa, upake na yako wewe, saa ile ile, kutoka kichupa kile kile. Hiyo ndiyo damu ya kulinganisha. Ya mgonjwa ikiwa giza na yako inang'aa, nitajua ni mgonjwa mwenyewe. Zote mbili zikiwa giza, nitajua kingamwili kimekufa na tutupe. Bila damu yako mimi ni kipofu.

Ungeniandikia Kikuria ningeelewa nusu, na wewe Ekegusii yangu ungeelewa nusu, kwa hiyo tubaki na Kiswahili tusije tukauana.

Dadako,
Mellen Nyanchoka

---

Kituo cha Mradi,
Macalder.
11 Aprili 1998

Dada Mellen, mwalimu wangu,

Kichupa kimefika salama salimini. Mbona ulikuwa na wasiwasi hivyo? Umesahau ni Maroa Mirumbe unayemwandikia? Ni mimi niliyebeba chanjo ya polio kwa baiskeli kutoka Migori hadi mpakani, jua la saa saba, na nilipofungua sanduku msimamizi aligusa barafu akasema, huyu kijana apewe cheti. Cheti ninacho. Kwa mambo ya baridi, niachie mimi.

Jana nilipaka damu za watu wanne, kila mmoja kwa masharti yako, na yangu nikajitoa mwenyewe mkononi, sirinji nzima, ili iwepo ya kutosha. Wachimba dhahabu walikuwa dirishani wakinicheka, eti daktari anajidunga mwenyewe, leo wagonjwa wamekwisha? Nikawaambia sayansi ndivyo ilivyo, inaanza na mwenye nyumba.

Kuna mama mmoja nataka umjue, anaitwa Truphena Akoth. Atakuja wiki ijayo maji yakipungua. Huyo, dada, ndiye anaweza kutufanya tujulikane.

Nakutumia seli na barua hii ndani ya nailoni chini ya kifuniko. Nisalimie wavuvi wako wa kusukuma.

Ni mimi,
Maroa M.

---

Homa Bay,
16 Aprili 1998

Kaka Maroa,

Hongera! Wanne wote wanang'aa, na wewe unang'aa kuwashinda. Nilimwita hata mfagiaji aje aangalie pete zako za kijani, akasema ni nzuri kama shanga. Nilikuwa na shaka nawe kidogo, sasa sina.

Na ujue kwamba mimi damu hainifichi kitu. Wiki nzima nimekaa na yako hapa mezani, kwa hiyo nakujua kuliko mama aliyekuzaa. Ukitaka kuoa uniulize mimi kwanza.

Huyo Truphena ni nani? Usinikatie hadithi katikati, niandikie yote.

Mellen

---

Macalder,
21 Aprili 1998

Dada Mellen,

Truphena amekuja. Jana, kwa miguu, sketi imelowa hadi kiunoni. Wengine wote mto uliwazuia, kwa hiyo safari hii nakutumia yeye peke yake, na damu ya kulinganisha pamoja.

Sasa sikiliza. Ana miaka thelathini na moja, watoto wawili, anaosha dhahabu kwa karai hapa mgodini. Mume wake alikufa kwa ugonjwa huu mwaka wa tisini na tano. Wajaluo wana desturi yao ya tero, mjane anarithiwa na ndugu wa marehemu, na akikataa boma linamkataa yeye. Akarithiwa na shemeji wa kwanza. Huyo naye akafa mwaka jana, ugonjwa ule ule. Waume wawili, dada! Na Truphena tumempima mara tatu, na mara zote tatu hana virusi. Watu wa nyumbani kwao wanasema ni mchawi, anakula wanaume. Mimi nasema ni kitu ambacho bado hakijaandikwa kwenye vitabu.

Sasa kuna shemeji wa pili, Obunga. Mkewe alizikwa Februari, na mwenyewe anakohoa tangu Krismasi. Anamtaka Truphena. Truphena amekataa mara mbili, wazee wamemwambia akikataa ya tatu atoke, aache nyumba na kipande cha shamba cha watoto. Huyo mama ana mdomo, lakini jana wakati namtoa damu aliangalia tu sirinji ikijaa. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Daktari, mnaweza kujua ni kwa nini mimi sikufa?" Nikamwambia Homa Bay kuna dada anayeweza.

Kuhusu baridi, friji yetu ya mafuta ya taa ilianza kutoa moshi tangu Ijumaa. Usishtuke, kichupa nimekihamishia kwa Nasteha, yule mama Msomali mwenye duka kubwa. Pale ni mahali bora kabisa, baridi ya uhakika.

Nangojea kwa hamu.

Maroa

---

Homa Bay,
Ijumaa, 24 Aprili 1998

Maroa!

Kaa chini kwanza ndipo usome. Umekaa?

Truphena ni giza. Nimehesabu seli mia tano na hakuna hata moja yenye pete. Nimezima taa, nimesafisha kioo, nimewasha tena, giza. Halafu nikaweka ya kwako, ikang'aa. Imepungua kidogo kuliko mara ya kwanza lakini inang'aa. Nikakaa kwenye kiti nikalia, na sijui kwa nini nililia.

Unaelewa maana yake? Kule Ulaya wako wachache waliozaliwa bila mlango huu, na virusi vinashindwa kuwaingia. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuonekana, mimi sijasikia. Nilimpigia simu Daktari Mochama Nairobi, akaniuliza mara tatu, "Na ya kulinganisha iling'aa?" Nikamwambia iling'aa. Akacheka kwenye simu mpaka nikaogopa. Tayari anataka kuwaandikia wenzake wa nje.

Lakini, kaka, mara moja si kitu. Mtoe damu tena, ipake, uweke na yako. Na nakuomba kwa jina la Mungu, huyo mama usimwambie chochote. Hata neno moja. Tukishaona mara mbili, nitakuja mwenyewe kumwambia.

Mellen

---

Macalder,
Jumanne, 28 Aprili 1998

Dada Mellen,

Nimesoma barua yako na nimefurahi mpaka nikamkumbatia mlinzi. Nilijua! Tangu mwanzo nilikuambia.

Sasa usinikasirikie. Truphena alikuwa amekaa kwenye benchi hapa hapa mbele yangu nilipofungua nailoni. Aliona uso wangu. Akasema, "Daktari, hiyo ni barua yangu, sema." Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikamwambia kwamba seli zake hazina mlango, virusi vinabisha na kuondoka. Akauliza, "Kwa hiyo si uchawi?" Nikasema si uchawi, ndivyo ulivyozaliwa. Akafunika uso kwa leso. Halafu akacheka kwa sauti, akaenda kwa Nasteha akanunua sukari kilo mbili.

Jana alirudi kwa damu ya pili, nami nimekutumia pamoja na ya kulinganisha. Akanieleza habari mpya. Amemkubali Obunga. Anasema kama ugonjwa hauwezi kumwingia, basi ya nini kupoteza shamba la watoto? Wazee wamepanga Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe tisa Mei. Obunga ataingia nyumbani mwake jioni hiyo.

Nilitaka kusema ngoja kidogo. Lakini alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo, na sisi tuna uhakika, sivyo?

Maroa

---

Homa Bay,
Ijumaa, 1 Mei 1998

Maroa Mirumbe,

Leo ni sikukuu ya wafanyakazi na mimi niko kazini kwa sababu yako.

Damu ya pili ya Truphena ni giza. Ya kwako inang'aa, lakini hafifu, ni ya kutafuta kwa macho. Nikaweka slaidi zako zote tatu mezani. Ya tarehe kumi Aprili iling'aa vizuri. Ya tarehe ishirini imepungua. Ya juzi imefifia kama shati la shule la muhula wa tatu. Sasa nieleze, kaka. Damu ya mtu mzima haifubai kila wiki. Kinachofubaa ni rangi iliyokwisha kupakwa zamani ikakaa ndani ya chupa.

Nikafanya kitu ambacho nilipaswa kufanya tangu mwanzo. Ninacho kichupa ndugu ya hicho chako, hapa kwenye friji yangu. Nikajidunga mimi mwenyewe, nikapaka. Nang'aa kama sherehe. Kwa hiyo cha kwangu kiko hai.

Nina maswali mawili, na nataka majibu ya kweli, si cheti cha polio.

La kwanza, kichupa chako kinalala wapi hasa kwa Nasteha? Uliandika "mahali bora" nami nikasoma nikapita, kwa sababu nilitaka kufika kwenye hadithi. Hapo nimekosea mimi.

La pili, hiyo damu ya kulinganisha ni ya siku gani?

Truphena amekubali mtu anayekohoa kwa sababu ya neno letu. Neno langu na lako. Leo ni tarehe moja, Jumamosi ni tarehe tisa. Barua hii nimempa dereva mkononi na nimemwambia asiporudi na jibu asinisalimie tena.

Mellen

---

Macalder,
Jumatatu, 4 Mei 1998

Dada Mellen,

Nimeandika barua hii mara tatu na mbili nimezichoma.

Kichupa kinalala ndani ya friza ya gesi ya Nasteha, kati ya nyama ya mbuzi na barafu za kuuza. Kinaganda mpaka kinakuwa jiwe. Nikikihitaji nakiyeyusha mkononi, halafu nakirudisha. Niliona ndivyo bora. Chanjo ya polio ndivyo tunavyoitunza, dada, inaganda, inayeyuka, inafanya kazi, watoto wanapona. Nilifikiri wewe na nyuzi zako mbili hadi nane ni uoga wa watu wa ofisini, na kwamba nikiongeza baridi nitakuwa nimekuzidi.

La pili ndilo gumu. Damu zote tatu ni za siku moja, ile sirinji nzima ya tarehe kumi. Niliipaka yote siku ile kichupa kikiwa kizima, nikaihifadhi kwa fomalini, na kila mara nikawa nadondosha tone kwenye kioo kipya na kuandika tarehe mpya. Mwanzoni ilikuwa uvivu tu. Halafu uliponiandikia kwamba damu haikufichi kitu, na kwamba unanijua kuliko mama yangu, niliogopa kweli kweli.

Mwaka wa tisini na tano, nikiwa Migori, sindano ya mgonjwa ilinichoma kidole gumba. Mgonjwa yule alikufa baada ya miezi miwili. Nilifunga plasta nikaendelea na kazi. Sijapimwa hata siku moja. Nawapima watu wote wa huku Nyatike, nawaambia jipe moyo, kujua ni bora, na mimi mwenyewe najificha. Niliposoma utani wako nilidhani umeona kitu na unanizunguka. Nikasema sitakupa tone lingine.

Sasa nimemdanganya mama wa watu. Jana nilimwona kisimani, akanipungia mkono, akaniita daktari wangu. Nilishindwa kwenda karibu naye. Niambie la kufanya nitalifanya, hata kama ni kuacha kazi.

Maroa

---

Homa Bay,
Jumanne, 5 Mei 1998

Maroa,

Hapana, hutaacha kazi. Ukiacha nani atakwenda kwa Truphena?

Nimekasirika, sitakuficha. Usiku nilikutukana kwa Ekegusii yote, hata ile nusu unayoielewa. Lakini nisikilize. Kingamwili kile kinaona mlango tu. Hakioni virusi, hakioni dhambi, hakioni kidole gumba chako. Kipimo cha virusi ni kingine kabisa, na sikifanyi mpaka mtu aniombe kwa kalamu yake. Utani wangu ulikuwa utani. Naomba radhi kwa huo.

Polio ni virusi hai vinavyovumilia kuganda. Hiki ni protini. Kikiganda na kuyeyuka, na kuganda na kuyeyuka, kinapoteza umbo lake na hakishiki tena kitu. Giza lile huenda si la damu ya Truphena. Kingamwili tulichompelekea ndicho kilichokuwa maiti.

Nakutumia nusu ya kichupa changu. Kikae ndani ya sanduku hili hili, juu ya gazeti, mbali na barafu. Kesho asubuhi umpelekee Truphena barua yake iliyomo humu, umpe mkononi, ukae hapo akisoma. Usimsomee wewe. Halafu mwombe damu, na utoe yako, mbele yake.

Nimempigia Daktari Mochama. Nilimsikia akichana karatasi kwenye simu. Barua ya nje haikuwa imetumwa, Mungu mkubwa.

Mellen

*(ndani yake)*

Mama Truphena Akoth,

Hunijui. Mimi ni Mellen, ndiye ninayesoma damu yako huku Homa Bay. Uliambiwa kwamba mwili wako hauna mlango wa virusi. Naomba usahau neno hilo, kwa sababu hatukuwa na haki ya kulisema. Dawa tuliyotumia ilikuwa imeharibika, na makosa ni yetu, si yako wala si ya damu yako. Nitapima upya, lakini jibu huenda lisifike kabla ya Jumamosi. Kwa leo ninachojua ni hiki: hujaambukizwa, na sijui ni kwa nini. Mtu asiyejua kwa nini amepona, mama, akae akijua anaweza kuugua kama mimi na kila mtu.

Sina uwezo wa kukuambia la kufanya na nyumba yako. Ningekuwa nao ningekuambia.

Kwa heshima,
Mellen Nyanchoka

---

Macalder,
Alhamisi, 7 Mei 1998

Dada Mellen,

Nimefanya.

Jana daraja lilikuwa chini ya maji, nikavuka kwa kushikana mikono na wachimba dhahabu, sanduku kichwani. Nilimkuta Truphena anapaka nyumba udongo mpya kwa ajili ya Jumamosi. Nilimpa barua yako. Alisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Nikamweleza yote kwa mdomo wangu, friza, sirinji, kidole gumba, sikuruka kitu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nilipotoa sindano, akarudisha mkono wake nyuma. "Wewe kwanza," akasema. Nikajitoa, yeye akiangalia mpaka tone la mwisho, kisha akanyoosha wake. Tulipaka zote mbili pale pale juu ya meza yake, saa nne na robo, kutoka kichupa kimoja. Safari hii hata Mochama akiniapisha nitaapa.

Kuhusu Jumamosi nilimuuliza, akasema, "Daktari, hilo si la sindano yako." Akarudi kupaka ukuta.

Na chini ya nailoni utaona chupa ya tatu, yenye plasta nyekundu. Hiyo ni yangu, kwa kile kipimo kingine. Hii hapa kalamu yangu: mimi Maroa Mirumbe nakuomba unipime.

Maroa

---

Homa Bay,
Ijumaa, 8 Mei 1998

Kaka Maroa,

Haraka haraka, dereva anapiga honi. Zote mbili zinang'aa. Truphena ana mlango kama wewe, kama mimi, kama watu wote. Mwambie leo kama barua itafika leo. Wachimba dhahabu wakisema mto umejaa, wape pesa ya sukari wakuvushe kwa miguu.

Bahasha ya buluu ni yako. Sijamwonyesha mtu.

Mellen

---

Macalder,
Jumatatu, 11 Mei 1998

Kwako Daktari Mellen, nyar Kisii, binti wa Wakisii,

Mimi ni Truphena Akoth. Nilisoma Kisumu mpaka darasa la nane, Kiswahili changu utakivumilia. Barua yako ya Ijumaa ilifika jana Jumapili baada ya kanisa, kwa hiyo Jumamosi nilienda nayo bila jibu lenu. Nataka nikueleze mwenyewe kwa sababu Daktari Maroa akieleza ataongeza chumvi.

Ukweli ni kwamba nilikasirika na ninyi. Miaka mitatu watu wanavuka njia wakiniona. Halafu mnaniambia si uchawi, ni damu yangu nzuri, na nikalala siku kumi nikiwa sina hofu na mtu. Halafu mnasema hapana. Ile Jumatano baada ya Daktari kuondoka nililia mpaka watoto wakaniletea maji. Hilo nilitaka ulijue.

Lakini nilipomaliza kulia nikakumbuka kitu. Daktari Maroa, mtu mkubwa na koti jeupe, alinisimulia mbele ya watoto wangu jinsi alivyoogopa kidole chake mwenyewe miaka mitatu. Nikajiuliza, kama huyu anaogopa hivi, Obunga je?

Jumamosi Obunga akaja saa kumi na mbili, mvua inanyesha, amevaa lile koti lake la kahawia la harusi ya kwanza. Kwetu mwanamume akiingia anatundika koti kwenye msumari ukutani, boma lijue nyumba ina mwenyewe. Akalitundika. Nikampa ngege na kuon, samaki na ugali wetu, akala vizuri, akakohoa, akala. Alipomaliza kunawa nikamwambia kwa heshima, "Shemeji, karibu. Daktari Maroa yuko hapo chini ya paa la jikoni na sindano yake. Wewe utatoa kidole, mimi nitatoa kidole, yeye atatoa chake ili tufanane. Tungoje jibu la Homa Bay. Likija zuri, hapa ni kwako."

Akanitazama. Akatazama jikoni, akamwona Daktari amekaa pale nilipomwomba angoje, sanduku lake kwenye magoti, paa linamvujia. Akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Nyar Kisii, mpaka leo hajarudi kutoka chooni.

Asubuhi mama mkwe alikuja na wazee wawili, kama desturi. Wakaona koti kwenye msumari, wakaona sahani mbili. Mzee akashukuru, "Ero kamano, imekwisha." Wakanywa chai yangu yenye sukari ile ya kilo mbili wakaenda. Obunga akasikia kwamba amenirithi, naye amekaa kimya, kwa sababu akisema hapana itabidi aseme alikimbia nini, kwenye mvua, bila koti. Shamba ni la watoto. Hakuna wa kuuliza tena.

Jana usiku ndipo Daktari Maroa alinisomea jibu lenu. Kwa hiyo mlango ninao. Sawa. Nilikuwa nimeshaufunga kabla hamjasema. Ninyi endeleeni kutafuta ni kwa nini sikufa, damu nitatoa kila mwezi, lakini safari nyingine msiniambie kitu mpaka mmeona mara mbili na Daktari ametoa kidole chake nikimwona.

Bahasha yake ya buluu aliifungua hapa kwa Nasteha. Halafu akanunulia duka zima soda, hata watoto wa watu asiowajua, kwa hiyo nadhani ni habari nzuri.

Ukija Macalder usipite nyumba yangu. Nitakupikia, na nitakujulisha kwa bwana wangu. Hakohoi, haulizi chakula, na watoto wanaweka penseli zao mfukoni mwake. Yuko hapo kwenye msumari.

Oriti, kwaheri,
Truphena Akoth